Barabara iliyopitiwa na vita: namna waendesha baiskeli wanavyogawa nguvu

Anayetoka Bunia kwa baiskeli kwenda Djugu kwa kupitia Iga Barrière anajua kwamba barabara moja haina sura moja. Kuna sehemu ya kukanyaga kwa raha, kuna sehemu ya mashimo na matope, na kuna kilima ambapo mtu anashuka na kusukuma kinga yake kwa mikono. Akimaliza nguvu zote kwenye sehemu nzuri ya asubuhi, kilima cha mchana kitamshinda.

Wabebaji wa mizigo wa upande wetu wa Congo walijifunza jambo hilo zamani. Wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, biashara ya mto Congo ilipokatika, watu wa Kisangani waliishi kwa kazi ya vijana waliosukuma baiskeli zilizojaa mafuta ya mawese, mchele, chumvi na sabuni. Waliitwa kumba-kumba. Walikwenda mamia ya kilomita katika njia za msitu ambazo magari yalikuwa yameziacha. Mwenye haraka alivunja baiskeli au akaugua njiani. Aliyefika ni yule aliyepanga mapema mahali pa kupumzika, mahali pa kula na mahali pa kutoa nguvu.

Huko Ulaya pia kuna mashindano ambayo jina lake lilitokana na barabara iliyoharibiwa na vita. Ni Paris–Roubaix, ya kaskazini mwa Ufaransa. Yalianza mwaka 1896, na mshindi wa kwanza alikuwa Mjerumani Josef Fischer. Kabla ya vita kuu ya 1914 yalikuwa yamekwisha kupata sifa kubwa. Mwaka 1913 François Faber wa Luxembourg alishinda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 35 kwa saa.

Halafu vita ikaja, na kwa miaka minne mashindano hayakufanyika. Faber aliuawa vitani mwezi wa 5 mwaka 1915, karibu na Arras, katika eneo lile lile ambalo mashindano yalikuwa yakipita. Octave Lapize, aliyekuwa ameshinda mara tatu mfululizo mwaka 1909, 1910 na 1911, alikufa mwezi wa 7 mwaka 1917 akiwa rubani wa ndege ya vita.

Vita ilipokwisha, gazeti la L'Auto lilitaka kujua kama njia bado ipo. Waandishi wake walitoka kwenda kuitazama, pamoja na mwendesha baiskeli Eugène Christophe. Mwanzoni waliona mashamba ya kawaida. Walipofika upande wa Arras wakakuta vijiji vimebaki vifusi, miti imebaki vigogo, na ardhi imejaa mashimo ya mabomu. Kutokana na safari hiyo, mashindano yakaitwa Jehanamu ya Kaskazini. Leo wengi hudhani jina hilo linatokana na mawe ya barabarani. Kumbe lilizaliwa na vita.

Hata hivyo mashindano yalifanyika, siku ya Pasaka, tarehe 20 mwezi wa 4 mwaka 1919. Safari ilikuwa ya kilomita 280. Henri Pélissier alishinda kwa kutumia zaidi ya masaa 12, maana yake chini ya kilomita 23 kwa saa. Philippe Thys wa Ubelgiji alikuwa wa pili, Honoré Barthélemy wa tatu. Inasimuliwa kwamba karibu na mwisho treni iliwafungia njia, nao wakapanda behewa na baiskeli zao, wakashukia upande wa pili na kuendelea.

Kutoka kilomita 35 kwa saa hadi 23: barabara mbovu ilibadilisha hesabu yote ya mashindano. Mambo yaliyowasaidia watu wa 1919 yanawasaidia washindani hata leo.

La kwanza ni upepo. Kwenye barabara laini, anayekaa nyuma ya mwenzake anapunguza sana kazi ya miguu, kwa sababu aliye mbele ndiye anayekata upepo. Kwa hiyo mwenye akili hujificha ndani ya kundi na kuweka akiba. Lakini kwenye mawe au matope mwendo unashuka, na faida ya kujificha inapungua. Aliye nyuma anakula vumbi, haoni shimo, na mwenzake akianguka mbele yake naye anaanguka.

La pili linatokana na hilo: nguvu ya akiba hutumiwa kabla ya kufika mahali pabaya, ili kuingia ukiwa mbele. Ndiyo maana kundi hukimbia sana kilomita chache kabla ya mawe kuanza.

La tatu ni chakula na maji. Vinatumiwa barabara ikiwa nzuri, kwa kuwa kwenye mashimo mikono yote miwili inahitajika kushika usukani. Anayengoja njaa imwambie ale amekwisha kuchelewa.

La nne ni chombo chenyewe. Mwaka 1919 mtu alibeba tairi za akiba mabegani na kujitengenezea mwenyewe. Kuchagua upande wa njia wenye mashimo machache kulikuwa sawa na kushinda dakika kadhaa.

Mfano wa karibu nasi ulionekana Kigali, tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume walikwenda kilomita 267.5, lami nyingi, vilima bila kupumzika, na sehemu za mawe yaliyopangwa. Walianza watu 165, wakamaliza 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka kwenye mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Mwanzoni alikuwa na wenzake wawili, lakini mawe ya Mur de Kigali yalimwacha mmoja nyuma, kisha wa pili akashindwa, naye akaenda peke yake kilomita 66 za mwisho. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alilazimika kubadilisha baiskeli mara mbili, akamaliza wa pili.

Kushambulia mapema namna ile hakupingani na kuweka akiba. Pogačar alingoja mahali ambapo wengine hawakuweza kukaa nyuma yake, kwa sababu mlimani upepo hausaidii sana. Alijua barabara kabla ya kuitumia.

Mashindano ya 1919 yaliwaonyesha watu wa Arras kitu kingine pia. Nyumba zao zilikuwa bado vifusi, na wengi walikuwa hawajarudi kutoka walikohamia. Kabla ya mengine kurudi, njia ilipaswa kupitika. Familia za Djugu zilizo kambini zinaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Wahami wakiulizana habari za nyumbani, mara nyingi swali la kwanza ni kama njia inapitika.