Hisa za AMD: Zilichekwa Zikiwa Chini ya Dola 2, Zikafika 150

Kama umewahi kukaa kwenye banda la PS4 ukapigwa bao tano, basi umeshatumia kazi ya AMD, hata kama hilo jina ni geni kwako. Prosesa ya PS4 ni yao. Ya Xbox One pia.

Sasa sikia. PS4 inatoka 2013, kampuni yenyewe ilikuwa hoi. Mwaka huohuo iliuza majengo yake ya Austin, Texas, kwa dola milioni 164, halafu ikabaki humohumo inalipa kodi. Yaani baba mwenye nyumba kageuka mpangaji.

Ilifikaje huko? Mapema 2006 hisa moja ilikuwa juu ya dola 40. Mwaka huo ikainunua ATI kwa dola bilioni 5.4, madeni yakaielemea, na Intel akawa anaikimbiza kisawasawa sokoni. Mwaka 2015 ikapata hasara ya dola milioni 660. Hisa ikashuka chini ya dola 2. Hela ya soda!

Oktoba 2014 alikuwa ameingia bosi mpya, mhandisi wa kike mzaliwa wa Taiwan. Nguvu zikawekwa kwenye muundo mpya wa prosesa, Zen. Hela za PS4 na Xbox ndizo zilisaidia kuvuta siku. Machi 2017 Ryzen zikaingia sokoni, na safari hii zilikuwa moto kweli.

Mambo yakanyooka? Wapi. Mei 2017 hisa ilidondoka karibu robo kwa siku moja. Mwisho wa 2018 ikapoteza karibu nusu ndani ya miezi michache. Wengi waliuza hapo, roho mkononi.

Aliyenunua hisa 1,000 kwa dola 2 akatulia, mwishoni mwa 2021 dola zake 2,000 zilipita 150,000. Ila aliyenunua kwa dola 40 mwaka 2006 alisubiri mpaka mwishoni mwa 2019 kurudisha tu hela yake. Miaka 13! Kampuni ileile, uvumilivu uleule, bei ya kuingilia tofauti.

Na kuna waliosubiri wakaumia moja kwa moja. BlackBerry, ile ya enzi za BBM, 2008 hisa yake ilipita dola 140. Mwisho wa 2013 ilikuwa chini ya 10, na haikurudi kule tena. Nao walivumilia, tena sana.

Kwa hiyo kusubiri peke yake si akili. Waliofaidi na AMD walikuwa na kitu cha kusubiri: bidhaa mpya inakuja, na kuna hela ya kuifikisha sokoni. Wa BlackBerry walisubiri simu ambayo watu walishaiacha.

Haya, ungekuwa na hisa zako 1,000 siku ile ya Mei 2017, ungeuza au ungekomaa?