Homoni ya Shingoni na Kazi Yake Ndani ya Ini

Leo tunaanzia shingoni. Hapo mbele, chini kidogo ya koo, ipo tezi ya thairoidi. Ikivimba ndiyo tunaita rovu, au goita.

Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja sindano ya maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo. Mama huyo alikuwa amevimba uso na kulegea mwili. Alipata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi! Mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, thairoksini. Lakini inafanyaje kazi ndani ya seli? Hakuna aliyejua.

Jibu lilitoka kwenye ini la panya. Katika miaka ya 1960 Jamshed Tata, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi London, aliwapa homoni panya waliotolewa tezi. Hawakuchangamka papo hapo. Ilipita zaidi ya siku nzima. Alipochunguza ini, aliona kiini cha seli kikianza kwanza kutoa nakala za jeni, ndipo protini zikafuata. Na nakala hizo zilipozuiwa kwa dawa, homoni haikufua dafu.

Chukua mfano wa kitabu cha mapishi. Kila seli inacho kitabu kizima, ila haipiki kila kitu. Homoni ndiyo inayosema ukurasa huu ufunguliwe. Mwaka 1972 Jack Oppenheimer na wenzake waliona homoni ikinasa ndani ya viini vya seli za ini la panya. Mwaka 1986 watafiti wa Ujerumani na Marekani wakaitambua protini inayoipokea. Protini hii hukaa juu ya jeni hata homoni isipokuwepo, ikiifunga. Homoni ikifika, jeni inafunguka.

Jeni mojawapo husaidia ini kuondoa kolesteroli kwenye damu. Ndiyo maana mtu mwenye upungufu wa homoni hii mara nyingi hukutwa na kolesteroli nyingi, hata kama hapendi vyakula vya mafuta. Watu humlaumu bure.

Sasa wewe mjamzito, sikiliza hapa. Miezi mitatu ya kwanza, ubongo wa mtoto hutegemea homoni yako. Mwili huitengeneza kwa iodini, nayo tunaipata zaidi kwenye chumvi. Soma pakiti uone kama imetiwa iodini, kisha uiweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Ukiona uvimbe shingoni, au unahisi baridi na uchovu usioisha, mwambie muuguzi kliniki ijayo ili upimwe damu.