Mtoto na Debe la Kahawa

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Ndiyo maana mtoto alichunga mbuzi, akateka maji, akafukuza ndege shambani. Kazi ile ilikuwa malezi. Walowezi wa Kenya waliitumia kuwa kisingizio: mtoto wa Kiafrika amezoea kazi, basi kuna ubaya gani akichuma kahawa yetu?

Oktoba 1919, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka kwamba, mashamba ya Wazungu yalipokuwa karibu na makazi ya Waafrika, wanawake na watoto wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Lakini himizo likipita kwa D.C. hadi kwa chifu, likafika mlangoni pamoja na askari, huwa amri. Harry Thuku alipopaza sauti mwaka 1921, alilalamikia kipande, ujira uliopunguzwa, na wasichana waliolazimishwa kazi mashambani. Machi 1922 akakamatwa.

Ndugu msomaji, tusidanganywe na jina la "kazi nyepesi". Mchunga mbuzi alikunywa maziwa ya mbuzi wake, akajifunza kuwa mfugaji. Mchuma kahawa alijaza debe la mtu mwingine, na senti zake zikaishia kwenye kodi. Hakujifunza ila kuchuma.

Hata leo, tukiambiwa mtoto "anasaidia tu" shambani, tuulize: anajifunza nini, na debe ni la nani?