Dhiib, mbwa mwitu na mbweha: nani ndugu wa nani?

Wasomaji waliopita London na watoto wao huenda wamefika kwenye makumbusho ya Horniman, huko Forest Hill katika wilaya ya Lewisham. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1901 na Frederick Horniman, mfanyabiashara wa majani ya chai, aliyewaachia watu wa London mkusanyiko wake. Wageni wengi huenda kumtazama walrasi, yule mnyama wa bahari ya barafu aliyejazwa mpaka mikunjo yote ya ngozi yake ikapotea. Mimi nakaa jirani, na kilichokuwa kikinivuta kila mara ni vichwa vya mbwa. Vimetundikwa pamoja vichwa vya mbwa wa namna nyingi, ili mtu aone jinsi binadamu alivyombadilisha mnyama mmoja kwa kuchagua nani azae na nani.

Kabla ukumbi ule haujafungwa mwaka 2024 kwa matengenezo, nilimpeleka mtoto wa kaka yangu aliyekuja likizo kutoka Maskati. Akasimama pale kwa muda, kisha akaniuliza, "Ami, hawa wote wametokana na dhiib? Yule dhiib wa kisa cha Nabii Yusuf?" Nikamwambia ndiyo, wametokana na mbwa mwitu. "Yule wa Serengeti, mwenye madoa?" Nikajibu ndiyo tena, na hapo nikampotosha. Makala haya ni masahihisho yangu kwake, na kwa kila mzazi ambaye angejibu kama nilivyojibu mimi.

Kosa langu lilianzia kwenye lugha. Dhiib hakuwa mnyama wa pwani yetu, na Kiswahili hakikuwa na jina lake. Wafasiri walipofika pale ndugu zake Nabii Yusuf walipomsingizia dhiib kuwa amemla, waliandika "mbwa mwitu". Lakini jina hilo hilo ndilo tunalomwita yule mwindaji wa madoadoa mwenye masikio ya mviringo anayekimbia kwa makundi Serengeti na Selous. Kwa vinasaba, huyo ni ndugu wa mbali sana. Ukoo wake uliachana na wa dhiib mamilioni ya miaka iliyopita, miguu yake ya mbele ina vidole vinne ambapo mbwa ana vitano, na hazai na mbwa wala na dhiib. Kwa hiyo hapa chini nitasema dhiib kwa yule wa Bara Arabu, Ulaya na Asia, na mbwa mwitu nitamwachia wa madoa.

Ndugu wa karibu wa dhiib ni wengine: mbwa wa nyumbani, ambaye ni uzao wake moja kwa moja, koyoti wa Marekani, dhiib wa milima ya Ethiopia, na wale tunaowaita mbweha wa dhahabu. Wote hao wana kromosomu 78, na wakikutana wanaweza kuzaa chotara ambao nao huzaa. Ndiyo maana nasaba zao zimechanganyika kuliko tulivyofundishwa skuli.

Mfano mzuri uko kwetu Afrika Mashariki. Yule mbweha wa rangi ya mchanga anayeonekana Serengeti na Ngorongoro alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa jamii moja na mbweha wa dhahabu wa Asia. Wanafanana kwa umbo, kwa rangi, na hata kwa tabia. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya wanyama wa namna hii kutoka nyanda za juu za Ethiopia, wakakuta wako karibu na dhiib kuliko na mbweha wa Asia. Vipimo hivyo vilikuwa vya mitokondria, sehemu ya vinasaba ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Kwa sisi tulioizoea shajara ya baba na babu, hii ni sawa na kuisoma nasaba kwa upande wa mama tu na kuufunika ule mwingine. Haidanganyi, ila inasimulia nusu ya habari.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 2015, timu iliyoongozwa na Klaus-Peter Koepfli ilipopima vinasaba vya pande zote mbili, wakiwemo wanyama wa Kenya. Jibu likawa wazi: wa Afrika na wa Asia ni jamii mbili mbalimbali. Ukoo wa mbweha wa Asia uliachana na wa dhiib kiasi cha miaka milioni 1.9 iliyopita, na wa Afrika kiasi cha miaka milioni 1.3. Kufanana kwao ni kwa sababu ya maisha ya namna moja, si kwa sababu ya undugu wa karibu. Sasa wataalamu humwita wa Afrika dhiib wa dhahabu. Mwaka 2018 utafiti mwingine ukaongeza jambo: mnyama huyu ana asili ya mchanganyiko, takriban asilimia 72 kutoka upande wa dhiib wa kawaida na 28 kutoka upande wa dhiib wa Ethiopia. Kwa hiyo mtalii anayepiga picha ya "mbweha" kando ya kreta ya Ngorongoro anapiga picha ya binamu wa dhiib wa Dhofar bila kujua. Mbweha wa mgongo mweusi aliye karibu naye kwenye majani yale yale ni wa mbali zaidi.

Tukirudi kwenye vichwa vya Horniman: mbwa wote wametokana na dhiib, hilo nilimwambia kijana kwa usahihi. Lakini dhiib yupi? Mwaka 2022 Anders Bergström na Pontus Skoglund wa Taasisi ya Francis Crick, hapa hapa London, pamoja na wenzao wa nchi nyingi, walitoa matokeo ya vinasaba vya dhiib wa kale 72, waliotandaa katika miaka 100,000. Kwa jumla, mbwa wa dunia wako karibu zaidi na dhiib wa kale wa mashariki, upande wa Siberia. Mbwa wa Mashariki ya Kati na Afrika, hata hivyo, wana asili ya pili, hadi kufikia nusu, inayotoka kwa dhiib wa kusini-magharibi mwa Asia, yaani upande wetu huu. Ama mbwa walifugwa mara mbili, mahali pawili, au mbwa waliotoka mashariki walizaa na dhiib wa huku. Utafiti ule haukukata shauri baina ya hayo mawili.

Mimi hilo lilinifurahisha kuliko yote. Mbwa koko wanaofukuzwa kwa mawe mitaani kwetu wanachukuliwa kuwa takataka tu, na watu hulipa fedha nyingi kwa mbwa wa Kizungu. Lakini mwaka 2009 watafiti walipima mbwa wa vijijini 318 wa Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Misri na Uganda kwa sehemu kubwa walikutwa na asili yao ya Kiafrika, hawakuwa machotara wa mbwa walioletwa na wakoloni. Saluki wa Waarabu na basenji wa Kongo nao ni katika aina chache zilizoonekana mwaka 2004 kuwa karibu zaidi na dhiib, kati ya aina 85 zilizopimwa.

Kuchanganyika huko kuna upande wake mchungu, na unatuhusu tunaoishi Ghuba. Dhiib wa Kiarabu, aliyepewa jina lake la kitaalamu na Mwingereza Reginald Pocock mwaka 1934, ni mdogo kuliko ndugu zake wa Ulaya. Uzito wake hufika kilo 20 hivi, na vidole viwili vya kati vya mguu wake vimeungana nyayoni. Oman anaishi milima ya Dhofar na jangwa la kati. Sheria ya mwaka 2003, Amri ya Kifalme namba 6, inamlinda pamoja na wanyama wengine wa porini. Sheria humzuia mwenye bunduki. Haimzuii mbwa aliyetupwa pembezoni mwa mji, akaenda porini na kuzaa na dhiib asiyepata mwenza wa jamii yake. Vipimo vya dhiib wa Mashariki ya Kati vimeshaonyesha vinasaba vya mbwa ndani yao. Mnyama aliyezoea jua kali na maji haba kwa maelfu ya miaka anaweza kutoweka hivyo bila kupigwa risasi hata moja, na watu wakaendelea kuwaona "dhiib" jangwani.

Nilimpigia kaka simu kumweleza yote haya. Akacheka, akaniambia kijana ameshaandika insha ya skuli kuhusu safari yake, na ndani yake kuna dhiib mwenye madoa, kwa ushahidi wa ami yake wa London. Nimemwomba anitumie insha hiyo niisahihishe kabla mwalimu hajaiona.