Kuishi kwenye boti mwaka mzima: inawezekana? Fahamu haya

Babati. Kodi ya nyumba ikipanda, utani huwa ni uleule: "Bora ninunue mtumbwi nihamie ziwani." Ukikaa kando ya Ziwa Babati jioni, wazo hilo linaweza hata kukuvutia. Upepo upo, mandhari ipo, mwenye nyumba hayupo.

Ila je, kuna watu wanaoishi kwenye chombo cha majini muda wote? Wapo. Na pwani yetu ina historia ndefu ya watu waliokaa chomboni kwa miezi. Hebu tuone wanaishije, na kama Babati inawezekana.

Pwani: jahazi lilikuwa nyumba

Kwa karne nyingi, majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja Afrika Mashariki na kaskazi, upepo unaovuma takriban Desemba hadi Machi. Yalirudi na kusi, kuanzia Aprili. Katikati ya safari hizo mbili, jahazi ndilo lilikuwa chumba cha kulala, jiko na ghala.

Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939. Lilifika Zanzibar, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Aliyaandika hayo kwenye kitabu chake Sons of Sindbad cha mwaka 1940. Mabaharia walilala juu ya sitaha, bila vyumba. Chakula kilipikwa kwa kuni, na choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inia nje ya chombo.

Wavuvi wa Kojani, Pemba, nao wanajulikana kwa kwenda dago. Wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, hadi Tanga na hata Kenya, na kukaa huko kwa wiki au miezi. Lakini zingatia: kwa kawaida dago ni kambi ya ufukweni. Hata watu wa bahari, wakipata nafasi, wanalala nchi kavu.

Kwingineko duniani

Kusini Mashariki mwa Asia wapo Wasama-Bajau, ambao vizazi vyao viliishi kwenye boti na kuzamia samaki. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta wengu wa Wabajau wa Indonesia ni mkubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko wa majirani zao wa nchi kavu. Wengu huhifadhi damu yenye oksijeni, hivyo humsaidia mtu akiwa chini ya maji.

London nako watu wanaishi kwenye boti za mifereji, wengi wakikimbia bei ya nyumba. Asiye na sehemu maalumu ya kuegesha haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa awe na sababu ya msingi. Kwa maneno mengine, kodi imepungua lakini kila baada ya wiki mbili unahama.

Karibu na kwetu, Kilifi nchini Kenya, utaona boti za matanga za wageni zimetia nanga kwenye hori. Baadhi ya wenyewe wanaishi humohumo.

Nyumba ya majini inadai nini?

- Maji safi. Ya bahari ni chumvi, ya ziwa si salama bila kutibiwa. Watu wanne wakitumia lita tano tano kwa siku, pipa la lita 200 linaisha siku ya 10. Hapo hujafua nguo.
- Choo. Kinyesi kikiingia ziwani, wanaochota na kuoga pale wako hatarini kupata kipindupindu na kichocho.
- Moto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya chini ya boti. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hili hata wewe wa Babati linakuhusu, hasa baridi ya Juni na Julai ukishawishika kulala na jiko ndani.
- Matengenezo. Chombo cha mbao hukalafatiwa, yaani nyufa kuzibwa kwa pamba, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Ukiacha, kinaanza kunywa maji.
- Usajili. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ukiwemo ukaguzi.
- Anwani. Nyumba ina mtaa na namba. Boti inayohama haina, na huduma nyingi siku hizi zinaanzia hapo.

Vipi Ziwa Babati?

Jibu fupi: hapana. Sababu ya kwanza ni viboko. Mchana wako majini, usiku wanatoka kula majani, na mmoja anaweza kuzidi kilo 1,500. Mtumbwi ukikaa kwenye njia yake, unapinduka.

Sababu ya pili, ziwa hili kina chake hubadilika. Mwaka 1990 lilifurika na mji ukaathirika. Ukame ukiwa mkali, linarudi nyuma.

Tatu ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kama zinaweza kuharibu mazingira. Kwa hiyo huwezi kujenga gati na kibanda chako pale ukasema unaishi majini.

Kama kazi yako ni ya majini

Utani wa kuhamia ziwani tuuache, lakini wapo wanaokesha ziwani kila siku wakitafuta perege na kambale. Kwao usalama si stori ya mbali. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Hizo zilikuwa meli na kivuko. Mtumbwi ni mdogo zaidi.

Kabla hujaingia:

1. Vaa jaketi okozi, usiliweke chini ya makalio.
2. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA).
3. Mwambie mtu wa nyumbani unaenda upande gani na utarudi saa ngapi.
4. Beba tochi, na simu ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji.
5. Ukiona viboko, zunguka mbali. Usipite kati yao na kina kirefu.

Kama una ndugu anayeingia ziwani usiku wa leo, mtumie orodha hii kabla hajatoka.