Mito ya Rwenzori na Wakazi wa Kingo Zake

Mto Lhubiriha hushuka kutoka milima ya Rwenzori, hupita Mpondwe, mji wa mpakani wa Uganda, na kuishia Ziwa Edward. Mapatano ya Uingereza na Ubelgiji ya mwaka 1915 yaliufanya sehemu ya mpaka wa Uganda na Kongo. Mpaka huo uliwapita katikati watu wa asili moja, Wakonzo upande wa Uganda na Wanande upande wa Kasindi, Kongo, ambao hadi leo hukutana katika soko la Lhubiriha.

Pwani ya Bahari ya Hindi, mwenye nyumba ya ufukweni huijua siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, kwa kutazama mwezi. Kasese, wilaya ya Uganda inayopitiwa na mito ya Rwenzori, mafuriko hayana kalenda ya namna hiyo. Lhubiriha, Nyamugasani, Nyamwamba na Mubuku ni mito mifupi yenye mteremko mkali. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji hufika bondeni baada ya muda mfupi tu, yakibingirisha mawe na magogo. Theluji inayoyeyuka hulaumiwa mara nyingi, lakini barafu iliyobaki kileleni ni ndogo mno kuleta gharika. Chanzo ni mvua za masika na za vuli.

Wakonzo wa kale walikaa zaidi kwenye migongo ya vilima kuliko bondeni. Kila mgongo ulikuwa na mkuu wake, aliyeamua ugomvi wa ardhi na kusimamia matambiko ya Kithasamba, mwenye theluji, na Ndyoka, mwenye maji.

Shaba ndiyo iliyowateremsha watu. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya mgodi wa Kilembe ikaanza kusafirishwa. Nyumba za wachimbaji, maduka na hospitali vilibanwa katika bonde jembamba la Nyamwamba, kwa kuwa hapakuwa na tambarare nyingine karibu na mgodi. Mji wa Kasese nao ukakua mdomoni mwa bonde, juu ya uwanda ulioumbwa na mchanga na mawe ya mto huohuo. Uchimbaji ulikoma mapema miaka ya 1980, lakini watu hawakuhama, na marundo ya makapi ya shaba yakabaki kando ya maji.

Mapema mwaka 2012 moto uliteketeza uoto uliokuwa ukishika udongo wa sehemu ya juu ya bonde la Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ulifurika, ukaua watu, ukavunja madaraja na kuingia hospitalini Kilembe; makapi nayo yalisombwa. Mei 2020 mito kadhaa ilifurika kwa pamoja. Safari hii hospitali iliharibiwa kiasi cha kuhamishwa, na familia nyingi zilizopoteza makazi zikapelekwa kambi ya Muhokya, ambako baadhi zilikaa miaka.

Serikali imejibu kwa tingatinga za kutoa mawe mtoni na kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Kazi hiyo haina mwisho, kwani kila gharika huleta mawe mapya. Wakuu wa migongo, chini ya ufalme wa Rwenzururu uliotambuliwa na serikali mwaka 2009, wamerudia matambiko na kuhimiza upandaji wa miti ya asili na mianzi kingoni. Miti hushika udongo, ingawa haiwezi kuzuia jabali linalobingirika. Mpondwe kuna ugumu wa ziada: ng'ambo ya Lhubiriha ni nchi nyingine, na kuukinga ukingo mmoja peke yake huweza kuusukumia maji ule wa pili.