Jiwe la Nyumba Zetu, Jiwe la Maji Yetu

Ndugu zetu wana-Makunduchi, mlio nyumbani na mlio safarini,

Kila anayerudi nyumbani kutoka mbali hupokewa na sabuni kabla ya watu. Anaisugua mkononi, povu halitoki. Kinachotoka ni utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Kanzu aliyokuja nayo, ikifuliwa mara tatu nne, hukakamaa na kufifia. Kunde hukaa jikoni hadi kuni zikaisha. Na birika la chai, ukilichungulia ndani, lina ukoko mgumu usiotoka kwa jivu wala kwa mchanga. Tumekua na maji haya, tukayaita maji magumu, lakini ni wachache kati yetu waliopata kuelezwa ugumu huo umetoka wapi.

Umetoka chini ya miguu yetu. Kisiwa cha Unguja kina sura mbili. Magharibi kuna udongo mzito, chemchemi na vijito. Mashariki na huku kwetu kusini ni nchi ya maweni, udongo haba juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hili liliwahi kuwa mwamba hai baharini. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu. Ndiyo maana hadi leo mtu huokota kombe la baharini katikati ya shamba la mtama.

Mvua ikinyesha kwetu haifanyi mto. Inazama kwenye nyufa. Njiani huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, ikawa na ukali mdogo, mfano wa ndimu iliyotiwa maji mengi. Ukali huo, ingawa ni mdogo, unatosha kuyeyusha chokaa ya jiwe kidogo kidogo. Mapango yetu yametobolewa hivyo, na chokaa iliyoyeyuka ndiyo tunayoiteka kisimani. Maji yakichemka, hewa ile hutoka, nayo chokaa haina tena wa kuibeba, hugandia birika. Ukoko ule ni jiwe lililorudi kuwa jiwe.

Tusililaumu, kwani limetuhifadhi. Jirani zetu wa Kizimkazi Dimbani wana msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Wazee wetu walilipanga jiwe juu ya magogo, wakalichoma, wakapata chokaa ya kujengea na kupaka kuta. Jiwe lile lile lilisimamisha nyumba na kuharibu sabuni.

Tofauti ya ardhi iliamua pia nani apate maji mapema. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipowaletea watu wa mjini maji ya mfereji, aliyatoa kwenye chemchemi za kaskazini mwa mji, upande ule wenye udongo. Sisi wa maweni tulibaki na mapango na visima. Mama zetu waliteremka na mitungi na kata za vifuu, wakateka taratibu, wakangoja maji yajae tena. Na mvua iliponyesha walitega vyombo. Maji ya mvua hayajakutana na jiwe, kwa hiyo ni laini. Yaliwekwa kwa ajili ya kunde, nguo nyeupe na kuoshea nywele. Nyumba nyingi zilikuwa za makuti, na makuti hutoa maji machache yenye rangi. Leo tuna mabati karibu kila mahali, ila maji yake tunayaacha yamwagike uani.

Ugumu wenyewe si sumu. Shirika la Afya Duniani halikuuwekea kikomo cha kiafya, na chokaa iliyomo ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hasara yake iko kwenye sabuni, kuni, mkaa, na vyuma vya kuchemshia maji vinavyoungua kabla ya wakati. Linalotutia hofu ni jingine. Maji baridi ya kisiwa chetu yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mtungi na kata havikuweza kuyamaliza. Pampu inaweza. Ikivuta kupita kiasi, bahari hupanda kutoka chini, nayo huja na chumvi pamoja na magnesi nyingi, inayoyafanya maji kuwa magumu zaidi. Maji yenye chokaa ukiyachemsha na kuyaacha yatuame, ugumu wake hupungua. Yenye chumvi hayana dawa hiyo, na kisima kilichoingia bahari huchukua miaka kurudi.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi fedha za kuchimba kisima kingine. Tunaomba za mifereji ya paa na matangi ya maji ya mvua, tukianzia skuli zetu. Hesabu ni nyepesi: paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 500. Masika na vuli zina siku nyingi za namna hiyo. Maji ya mwanzo yatamwagwa yaoshe paa, tangi litafunikwa mbu wasizaliane, na ya kunywa yatachemshwa. Kisima kitabaki, ila kitapumzika.

Kwa sasa, wenye birika lenye ukoko tumieni ndimu au siki: tieni pamoja na maji, chemsheni, acheni usiku kucha. Asubuhi mtaona jiwe likiyeyuka, kama mvua inavyoliyeyusha tangu zamani.

Haba na haba hujaza kibaba. Atakayetoa mita moja ya mfereji ametoa, na atakayetoa tangi zima ametoa. Wazee wetu walituachia visima vyenye maji baridi. Nasi tuwaachie watoto visima hivyo hivyo, vikiwa bado na maji baridi.